Nani Alizichagua Zile Tatu

Makambako,
7 Oktoba 2024

Wifi Anneth,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninyi Walutheri mna namna yenu ya kuitikia, itikia tu.

Barua hii inaletwa na kondakta wa Kosta ya asubuhi. Simu zako nimeziona zote, na za Alois pia, na sipokei. Si kwa sababu nimekasirika, ingawa nimekasirika. Ni kwa sababu kwenye simu mnasema "utapona wifi, usiwaze," halafu mnakata. Mimi tangu nianze kununua parachichi sijawahi kupakia gari kwa neno la simu. Nataka maandishi, na sahihi yako chini yake.

Kidonda kinafunga vizuri, nashukuru. Lakini nimelala hapa na kazi yangu imekuwa kupiga hesabu, na hesabu ya upasuaji ule haikai.

Kwanza muda. Yule daktari mgeni aliyekuja hospitali yenu na timu ya kutoka Dar alinieleza kabla ya nusukaputi: mama, tunatoa mji wa mimba kwa sababu ndimo kansa ilimo, na tunashughulikia tezi za nyonga, zile ambazo zikivimba wazee wanaziita mitoki, na kazi inaweza kuchukua muda wa saa nne. Mkanitoa baada ya saa mbili na kidogo. Fundi wangu wa makreti akimaliza kwa nusu ya muda huwa simpongezi. Huwa naenda kuhesabu misumari.

La pili ni Teodora, yule mwalimu wa Ludewa aliyelala kitanda cha jirani. Alipasuliwa mwaka jana, hospitali nyingine, ugonjwa huuhuu. Alitolewa tezi ishirini na mbili. Akaniuliza, "Na wewe mwenzangu, ngapi?" Nikamwita nesi, nesi akaangalia kadi akasema tatu. Teodora alivuta kitenge akafunika miguu, akageukia ukutani. Mtu uliyekuwa unacheka naye dakika ile.

La tatu ni Alois. Wewe na manesi wenzako mlipokuwa mnanisukuma kurudi wodini nilikuwa nusu nimelala, lakini nilimwona. Mdogo wangu amechuchumaa kwenye korido, kofia mkononi, analia. Alois huyuhuyu ambaye tulipomzika mama kule kwetu Mawengi alikuwa anaelekeza watu wapi pa kuweka viti.

Ukijumlisha hayo matatu jibu ni moja. Mlinifungua, mkakuta imeenea, mkachukua tezi tatu za kunionyesha, mkafunga. Nawajua wanawake waliofanyiwa hivyo, nami nilikwenda kwenye misiba yao. Sikulaumu wewe kwamba imeenea. Nakulaumu kwa kunichekea.

Kwa hiyo nimeamua. Banda la kukusanyia parachichi nampa Ebeneza. Ni mpinzani wangu, anawapunja wakulima, lakini ndiye pekee mwenye fedha mkononi. Jumamosi ya tarehe 19 tunakwenda ofisi ya kata kusaini. Baada ya hapo narudi Mawengi. Majibu ya maabara sifuati. Sihitaji nauli ya kwenda kusomewa ninachokijua.

Nijibu kama ni uongo.

Wifi yako,
Konsolata


Njombe,
10 Oktoba 2024

Wifi Konsolata,

Kamwene. Bwana Yesu asifiwe.

Barua yako niliisoma nimesimama langoni, nikaisoma tena nimekaa. Umetaka maandishi, haya hapa: hatukukufungua tukakufunga. Mji wa mimba umetolewa wote pamoja na mirija na vifuko vya mayai. Tezi tatu zimetolewa na zimekwenda maabara. Hakuna aliyekuchekea.

Unasema Teodora alitolewa ishirini na mbili. Hukujiuliza kwa nini mtu aliyepona kansa amerudi kulazwa? Ule mguu aliokuwa anaufunika uliuangalia? Umevimba kuanzia pajani hadi unyayo, hauingii kiatu, na alikuja kwa sababu ngozi imepata maambukizi. Tezi hizo ndizo zinazopitisha maji ya mwili. Ukizing'oa zote, kwa wengine maji yanakosa njia, yanabaki mguuni maisha yote. Zamani hakukuwa na namna. Ili ujue kama ugonjwa umetoka, uliondoa zote ukapeleka zikapimwe. Nadhani aligeukia ukuta kwa kuhesabu zake, si zako.

Siku hizi kuna namna nyingine. Inachukuliwa tezi moja au mbili au tatu, zinapimwa. Zilizobaki zinaachwa mahali pake zifanye kazi yake, na majibu yakiwa safi hakuna haja ya kuzigusa. Ni kama sampuli ya parachichi kiwandani. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba hawakati kila tunda.

Na ndiyo maana kazi ilikwisha mapema. Saa nne zilikuwa za kama ingebidi kutoa zote.

Majibu bado. Siwezi kukuandikia kwamba ni mazuri kabla hayajaja, na najua ndicho unachotaka. Nakuomba usisaini kitu Jumamosi.

Wifi yako,
Anneth


Makambako,
13 Oktoba 2024

Wifi Anneth,

Umenigusa pabaya. Ungesema chochote kingine, si sampuli.

Ngoja nikueleze sampuli wewe uliyesoma. Gari langu linafika kiwandani, kreti zimejaa. Karani anakuja na ndoo, anachagua matunda machache, anapeleka wayakate na kuyakausha waone kama yamekomaa. Yakishindwa, gari zima linarudi. Sasa, yule karani akitaka gari langu lishindwe ili shemeji yake alinunue kwa bei ya hasara, anafanyaje? Anaingiza mkono chini ya kreti, anatoa yale madogo ya kijani ambayo mkulima alichuma kwa haraka. Akitaka lipite, anachukua ya juu yanayong'aa. Gari lilelile, parachichi zilezile, majibu mawili. Nimekula hasara hiyo mara mbili kabla sijajua kusimama hapo hapo na kumwangalia vidole.

Kwa hiyo usiniambie zimepimwa tatu. Niambie nani alizichagua zile tatu.

Nyonga yangu ina tezi ngapi? Tuseme ishirini na mbili kama za Teodora. Daktari amechukua tatu, amebakiza kumi na tisa. Nani anajua kwenye hizo kumi na tisa kuna nini? Aliona zipi ziko karibu na mkono wake akachukua? Mimi nilikuwa nimelala, sikuwepo kumwangalia vidole. Na tena tatu haigawanyiki kwa pande mbili. Nyonga ina kulia na kushoto. Angechukua nne ningemwelewa. Tatu ni ya mtu aliyechoka.

Kuhusu Alois hukunijibu kabisa. Umeruka, na mimi nimeona uliporuka.

Ebeneza alipita jana kuangalia banda. Alipima milango kwa hatua, akauliza kama mizani nayo inabaki. Kiungwana tu, "Pole mama Konso, afya ndiyo kila kitu." Nikamwonyesha mizani.

Bado Jumamosi ni ileile.

Konsolata


Njombe,
16 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Anneth amenipa barua yako niisome mwenyewe, akasema sehemu hiyo hawezi kuijibu yeye.

Unajua sijui kuandika barua. Nitasema kama ilivyokuwa.

Asubuhi ile kwenye benchi kulikuwa na mzee mmoja, Nahumu, mkewe alipasuliwa mwaka juzi. Akaniambia, kijana, ukiona wanachelewa, mshukuru Mungu, maana yake wanafanya kazi. Ukiona wametoka mapema ujue hakuna cha kufanya. Mimi nikaanza kuombea mchelewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa nne kama walivyosema, nikabeba na chapati.

Mlango ukafunguliwa kabla hata sijala. Daktari akatoka anavua glavu. Dada, nilikuwa nimeshaanza kuwaza nani nimwagize kwenda Mawengi kusafisha njia ya makaburini, Mungu anisamehe. Yeye akasema, "Mzee, imekwenda vizuri, haikulazimu kutoa zote." Nikamwomba arudie. Akarudia. Ndipo nikachuchumaa.

Nililia kwa hilo. Kwa mama sikulia kwa sababu watu walikuwa wengi na viti havikutosha.

Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Mwanamume mzima, na Nahumu ananipapasa mgongo na kula chapati zangu.

Usimpe Ebeneza mizani.

Mdogo wako,
Alois


Njombe,
17 Oktoba 2024

Wifi,

Anayepaswa kuomba radhi safari hii ni mimi.

Kabla hujaingia chumba cha upasuaji ulituambia sote: ndugu yeyote asiwemo ndani, hasa wifi. Ulisema hutaki mtu utakayekaa naye mezani Krismasi awe amekuona ukiwa hivyo. Nikakubali mbele yako. Asubuhi yake nesi aliyefundishwa pamoja nami mashine ya kuzionyesha tezi akaamka na homa, na tulikuwa wawili tu tulioijua. Ama niingie mimi, ama upasuliwe kwa njia ya zamani, ile ya Teodora. Hukuwa na muda wa kuulizwa, tayari ulikuwa na dripu na dawa ya usingizi mwilini. Niliingia. Nilikuwa ndani tangu mwanzo hadi mshono wa mwisho. Nilinyamaza kwa heshima yako, na sasa nasema kwa sababu umeuliza nani alikuwepo kuangalia vidole. Nilikuwepo mimi.

Haya, sikiliza.

Kuna dawa, ni unga wa kijani. Mimi ndiye niliyeuchanganya na maji. Daktari aliuchoma kwenye mlango wa mji wa mimba, kulia na kushoto. Baada ya hapo hakuna aliyeigusa. Dawa ile inaingia kwenye vijia vya maji ya mwili na kusafiri yenyewe. Kwa macho matupu huioni inakokwenda. Lakini kuna kamera inayotoa mwanga wa aina yake, na ukizima taa za chumba ukaielekeza pale, kwenye runinga dawa inawaka.

Tulizima taa. Upande wa kulia ulionekana mstari mwembamba kama mfereji wa bustani ya kinyungu kule bondeni unapoingizwa maji asubuhi. Ukatambaa, ukafika mahali ukagawanyika mara mbili, na kila tawi likaingia kwenye tezi yake. Tezi mbili zikawaka. Zilizo jirani nazo zilibaki giza.

Ndiyo maana ni tatu, wifi. Kulia njia iligawanyika, kushoto haikugawanyika.

Na kushoto ndiko nilikotoka jasho. Kulikuwa kimya. Hakuna mstari. Daktari akasema tusubiri. Tukasubiri. Hakuna. Kanuni yao ni kwamba upande usiowaka hauruhusiwi kubahatishwa. Unatolewa tezi zote za upande huo. Akasema, "Sister, niongezee." Nikampa sindano ya pili. Akachoma tena. Mstari ukaanza taratibu, ukapanda, ukaishia kwenye tezi moja, ndogo, imejificha nyuma ya mshipa mahali ambapo mkono usingefika kwa kubahatisha.

Sasa jibu la swali lako. Hakuna mtu aliyechagua. Maji yanayotoka kwenye mji wako wa mimba yana njia yake, uliyozaliwa nayo. Kansa ikitaka kutoka hutumia njia hiyohiyo. Dawa ilipita hapo ikatuonyesha kituo cha kwanza cha kila upande. Kama ugonjwa ungekuwa umetoka, huko ndiko ungekuwa umefikia kwanza. Kama kituo cha kwanza ni safi, basi zile kumi na tisa zako ziko salama, karibu kwa uhakika, na mguu wako uko salama. Nasema karibu kwa sababu si uganga, na najua karibu huipendi.

Unaweza kunichukia hadi Krismasi. Lakini usisaini.

Anneth


Makambako,
20 Oktoba 2024

Anneth,

Kwa hiyo umeniona.

Nilijua. Kabla sijalala kulikuwa na nesi mmoja amefunika uso, macho tu. Nikawaza, huyu naye ana macho ya kujiona kama wifi yangu. Nikasinzia na wazo hilo.

Nimekasirika. Nilikaa na barua yako Ijumaa nzima nimekasirika, nikachemsha chai ikapoa, nikachemsha tena. Niliomba kitu kimoja. Wote mliniitikia kwa kichwa, halafu aliyeingia ni yuleyule. Ukija hapa nitakupa kiti cha wageni na soda, kama unavyompa mtu wa benki.

Lakini nilitaka jibu, umenipa jibu. Nimelisoma nikilitafutia tundu. Karani nimejaribu kumweka kila mahali na hakai. Dawa haina shemeji. Imeachwa iende, ikaenda ilikokwenda. Na ile ya kushoto ndiyo iliyonimaliza. Mtu aliyechoka angesema upande wa kulia unatosha, andika mbili, tufunge. Yeye alisubiri, akachoma tena. Hiyo siyo kazi ya misumari iliyorukwa.

Jumamosi Ebeneza alikuja na shati jipya na kijana wa kumshuhudia. Nikamwambia sisaini leo. Akasema, "Mama Konso, fedha ninazo leo, kesho sijui." Nikamwambia basi kazitumie leo. Akauliza kama nimepata majibu. Nikasema bado. "Sasa mbona..." Nikamwambia zimechukuliwa kwa haki. Hakuelewa, na sikuwa na haja.

Sijavunja, nimesogeza. Majibu yakiwa mabaya nitamtafuta, na najua atashusha bei.

Nitakuja kuyachukua. Utakaa nami ndani ukinisomea Kiingereza cha daktari, kwa kuwa huna tena cha kuona ambacho hujaona.

Alois mwambie nimemsamehe mambo ya makaburi. Njia ile kweli ilihitaji kusafishwa.

Usiku silali. Hilo usimwambie.

Konsolata


Njombe,
5 Novemba 2024

Wifi,

Majibu yamefika. Yako kwenye bahasha kwa daktari wetu, na mimi sijayaona. Najua utaanza kupima mwandiko wangu kama nimetetemeka, kwa hiyo nimeweka karatasi juu ya Biblia na ninaandika polepole. Sijayaona. Ningeweza kuomba nionyeshwe, wangenionyesha. Safari hii nimekataa, kwa sababu ni yako.

Njoo Alhamisi. Vaa nzito, Njombe kuna ukungu tangu Jumapili na mvua ya manyunyu. Alois atakungoja stendi.

Chumba umetandikiwa.

Anneth


Makambako,
17 Novemba 2024

Wifi Anneth,

Nimefika salama, nimepumzika, nimefungua banda. Sikuandika wiki ile kwa sababu sikuwa na la kulalamikia na sikujua barua inaanzaje.

Najua ulikuwepo, ulikuwa umekaa kulia kwangu. Lakini naandika hata hivyo, nataka liwepo kwa mwandiko wangu. Alisema tezi zote tatu ni safi. Mbili za kulia safi, moja ya kushoto safi. Alisema ugonjwa ulikuwa kwenye ukuta wa ndani tu, haukufika nusu ya unene wake, na umetoka pamoja na mji wa mimba. Mionzi Dar siendi. Kliniki kila baada ya miezi mitatu, na damu ikionekana hata tone nisisubiri kliniki.

Nilimwuliza asilimia ngapi. Uliona alivyokuna kidevu. Akasema mama, kubwa sana, lakini mia siwezi kukuandikia. Nikamwamini hapo. Angeandika mia ningeomba daktari mwingine.

Kitu ambacho hukukiona ni huku nyuma. Mlipokwenda dirisha la dawa nilikaa kwenye benchi peke yangu, nikavua viatu na soksi. Nikaangalia mguu wangu wa kushoto, halafu wa kulia. Miguu ya kawaida, ina magaga. Imenipandisha Mawengi hadi barabarani na ndoo kichwani nikiwa msichana. Nikavaa soksi tena taratibu kama ninamvisha mtoto. Mama mmoja akaniuliza kama naumwa mguu. Nikasema hapana, nimeitazama tu.

Teodora nimempigia simu. Niliogopa kumwambia, ningekuwa kama mtu anayehesabu fedha mbele ya aliyeibiwa. Nikamwambia tu majibu ni mazuri. Akasema, "Mwenzangu, nilikuombea. Siku ile nilijua tu ungekimbia majibu kwa hesabu zako." Nimemwagizia zile soksi ndefu za kubana ulizoniambia, atazipata wiki ijayo. Alisema mvimbo umepungua, anafundisha amekaa.

Ebeneza amekuja. Alitaka kujua kama bado nauza. Nilimkaribisha chai, akanywa, nikamwambia siuzi. Akasema wakulima wa upande wa Lupembe wamekwisha kuambiwa wampelekee yeye. Nikasema wataambiwa tena. Sasa hivi nina magari mawili yamekwama na mkulima mmoja ameniletea matunda mabichi, nimegombana naye asubuhi yote na sauti imekauka. Nimechoka uchovu mzuri. Usiku nalala hadi jogoo wa jirani, ambaye naye nitamtafutia dawa.

Kuhusu Krismasi, njooni. Kiti cha wageni nimekirudisha chumbani. Wewe utakaa jikoni na mimi tukikatakata vitunguu, na ukithubutu kuniambia nisibebe sufuria nitakutoa nje. Ulinikosea, na ningekuwa wewe ningeingia vilevile. Yote mawili nimeyaandika, na sahihi yangu iko chini.

Mvua za kupandia zimeanza. Juzi nilikwenda kwa Silvanus muuza miche, nikaagiza miche mia nne ya parachichi kwa lile eneo la nyuma ambalo nilikuwa naliacha majani. Akanitazama. Habari zangu alikuwa amezisikia, Makambako yote ilikuwa imezisikia. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayenionea huruma, "Mama, unajua hii haizai kesho. Ni mwaka wa tatu ndipo utaona tunda."

Nikamwambia najua. Anipakie.

Wifi yako,
Konsolata